Bibi yangu kauzwa kwenye tisheti. Hizi sheria za hakimiliki zinazobadilishwa zinatuacha wapi sisi wa kusini?

Rangi za Kusini

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa shikamooni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mchoraji, nipo Mtwara mjini, si maarufu, nachora nikishamaliza mihangaiko mingine. Mwaka juzi nilimchora bibi mzaa mama, anakaa Newala, kakaa kwenye mkeka anabangua korosho, pembeni kile kipande cha debe kilichotobolewa cha kukaangia bado kinafuka moshi, na bakuli la majivu ya kupaka mikononi. Wino na rangi ya maji, karatasi ya A3. Nikaipiga picha kwa simu barazani nikaposti. Watu wakaipenda, ikashewa, mwisho nikaikuta kwenye grupu la WhatsApp la wakulima wameandika bei za mnada juu yake, nikacheka nikasema haya bibi ushakuwa staa.

Sasa wiki iliyopita shemeji yangu aliyeko nje kanitumia linki. Duka la mtandaoni, wanauza tisheti, vikombe, mito ya makochi, na bibi yangu yumo humo, dola 24 tisheti moja. Jina langu nililoandika chini kulia limekatwa, limeenda na kipande cha mkeka.

Mtu ataniuliza nimejuaje ni yangu. Bibi kidole gumba cha mkono wa kushoto hakina ukucha. Yale mafuta ya ganda la korosho yalimuunguza zamani sana, ukucha ukang'oka haukuota tena. Nilimchora hivyo hivyo, na kwenye tisheti yupo hivyo hivyo. Kuna tone la rangi lilinidondokea karibu na bakuli la majivu nikaliacha kwa uvivu, nalo wamelichapa.

Ndo nikaanza kusoma sheria usiku na nikakutana na kitu kimenikosesha usingizi kuliko hata hiyo tisheti. Wenzetu wana kitu wanaita kazi yatima, yaani picha au maandishi ambayo mwenyewe hajulikani au hapatikani. Marekani mwaka 2008 walikuwa na muswada kwamba mtu akimtafuta mwenye picha kwa bidii asimpate, anaitumia. Mwenyewe akijitokeza baadaye analipwa fidia ya kiasi basi, ile adhabu kubwa inakuwa haipo. Seneti ikaupitisha Septemba 2008, ukafia upande wa pili wa bunge. Wachoraji wa kule walipiga kelele sana, maana walijua kitakachofuata ni kila mtu kulipia kusajili kila kamchoro kake kwenye daftari la kampuni fulani ili "apatikane". Uingereza wao walifika, toka Oktoba 2014 ofisi ya serikali inatoa leseni za kutumia kazi yatima.

Sasa niwaulize, huyo mtu wa London au Chicago akikaa kwenye kompyuta yake akamtafuta kwa bidii mchoraji wa Mtwara asiye na tovuti, anampata wapi? Picha yenyewe jina lishakatwa. Si atasema tu nimetafuta, hayupo. Yatima wanatengenezwa hivyo, baba yupo hai anakunywa chai barazani halafu mtoto anaitwa yatima.

Mnisaidie mawazo, na mwenye uzoefu wa kushusha vitu kama hivi mtandaoni aje.

Mzee wa Korosho

Pole binti. Lakini mimi nitasema ukweli hata kama unauma, usichotaka kiibiwe usikianike. Ukianika mahindi barabarani halafu ukaenda zako sokoni ukirudi ukakuta kuku wameshiba utamlaumu kuku?

Halafu bibi kubangua korosho ni picha ya kila nyumba huku kwetu. Tandahimba nzima kuna mabibi wa hivyo. Utasema hiyo ni mali yako?

Mwana wa Mchongaji

Mzee wa Korosho kuku hana duka linalouza kwa dola.

Dada nina story inafanana na yako, ya kabla ya intaneti. Baba yangu ni mchongaji, Mmakonde wa Newala, kachonga mpingo toka kijana. Kila kinyago akimaliza anakigeuza, anachukua msumari kaupasha kwenye mkaa, anaandika jina lake kwenye kitako, herufi ndogo ndogo. Alikuwa na mteja wake Dar anachukua mzigo mara mbili kwa mwaka. Siku moja nikiwa darasa la sita nikasafiri naye kupeleka mzigo, tukafika dukani mapema kabla hatujategemewa, tukamkuta kijana wa dukani kakaa na msasa anasugua vitako. Kimoja kimoja. Jina linafutika, anapaka kiwi nyeusi, anang'arisha, kinapanda shelfu.

Baba hakugomba. Akauliza tu, kwani jina langu linanuka? Yule mwenye duka akamjibu mzungu akilijua jina atakutafuta mwenyewe huko kwenu, mimi nitakula nini.

Kwa hiyo hayo ya kukata jina pembeni ya picha sisi tumeyazoea, ule ulikuwa msasa wa mkono na huu wa sasa ni msasa wa simu. Nenda kwenye makumbusho za Ulaya ukaangalie vinyago vya Kimakonde, vingapi chini yake wameandika jina la kabila tu? Mchongaji mmoja mmoja kama George Lilanga ndo walipata bahati ya majina yao kujulikana duniani. Wengine wote yatima.

Lindi Yetu

Sisi Lindi tunawaangalia tu. Mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, Wajerumani walianza kumchimba 1909, na mpaka leo kasimama Berlin anaingiza viingilio. Yeye hata jina lake wamempa la Mjerumani. Bibi yako angalau kaenda kwenye tisheti, anaweza kurudi.

Wakili Asiye na Suti

Lindi Yetu umenichekesha ila mjusi hana hakimiliki, tuendelee.

Mzee wa Korosho hapo umechanganya vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya. Wazo la bibi anabangua korosho halina mwenyewe, kila mtu achore bibi yake. Lakini ule mchoro, ile mistari, yule bibi mwenye gumba lisilo na ukucha na tone la rangi pembeni, hiyo ni kazi ya dada na ni mali yake. Mtindo nao hauna mwenyewe. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru hapo jirani, alifariki 1972, na mpaka leo watu wanachora chui na ndege kwa mtindo wake na wanauza, hakuna kesi. Ila ukichukua picha fulani ya mchoraji fulani ukaichapa ilivyo, hapo umeiba.

Sheria yetu ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999. Haki inaanza pale kazi inapotengenezwa, husajili ndo uipate. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo wajukuu zako watamla bibi yao kihalali. Na Tanzania tupo kwenye Mkataba wa Berne toka 1994, maana yake nchi mwanachama yeyote, Marekani ikiwemo, inatakiwa ikulinde kama inavyolinda raia wake na isikudai kwanza usajili ndo ikutambue.

Ila kuna mtego. Kule Marekani mtu wa nje anaruhusiwa kufungua kesi bila kusajili, ila ile fidia nono ya kisheria ambayo ikithibitika ni makusudi inafika dola 150,000 kwa kazi moja, hiyo huipati kama hukuwahi kusajili kwao kabla ya wizi. Bila usajili unabaki kuthibitisha hasara yako au faida yao. Sasa tisheti ngapi zimeuzwa, nani atakuambia? Ndo maana hofu ya dada kuhusu ule muswada wa 2008 haikuwa ya bure, walikuwa wanataka kushusha hata hicho kidogo kilichobaki.

Kilwa Lenzi

Naweka kambi hapa. Mimi napiga picha, magofu ya Kilwa Kisiwani, majahazi, harusi nikikosa vyote. Kitu ambacho watu hawajui, kamera inaruhusu uandike jina lako ndani ya faili lenyewe. Unaingia kwenye menyu unaandika jina na haki mara moja tu, kila picha inayotoka inabeba jina tumboni hata kama haionekani kwa macho. Nilikuwa najiona mjanja kweli.

Sasa jaribu hivi. Tuma hiyo picha WhatsApp kama picha ya kawaida, halafu uifungue upande wa pili uangalie taarifa zake. Hamna kitu. Imepunguzwa saizi na jina limetolewa, mitandao mingi inafanya hivyo ukipandisha picha. Ule msasa anaousema Mwana wa Mchongaji upo ndani ya mtambo wenyewe, hauhitaji hata kijana wa dukani.

Ukituma kama faili ndo inapita nzima. Ila nani anatuma kama faili, watu wanalia bando.

Mzee wa Korosho

Wakili nimekuelewa kuhusu mchoro na wazo. Nakubali. Lakini kinyago cha mapiko je, kile kinachovaliwa kwenye ngoma? Kile si cha mtu, cha ukoo. Nimeona mtandaoni wanauza sura za mapiko za plastiki. Hapo nani anaenda mahakamani, mimi?

Wakili Asiye na Suti

Mzee swali zuri kuliko yote humu. Sheria hiyo hiyo ya 1999 ina sehemu ya sanaa za jadi, zile zisizo na mtunzi mmoja. Mtu akitaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa aombe kibali, na mamlaka inayotajwa ni Baraza la Sanaa la Taifa. Kwenye karatasi ipo. Shida ni kwamba inaishia mpakani, Mkataba wa Berne umejengwa juu ya mtu mmoja mwenye jina na tarehe ya kufa, ukoo haufi na hauna tarehe, kwa hiyo hiyo plastiki ya mapiko ikiwa imetengenezwa na kuuzwa nje hukohuko ni ngumu mno kuikamata.

Stesheneri ya Ligula

Mimi nina stesheneri, nachapa mabango, kadi za harusi, tisheti za kampeni na za misiba. Nikiri tu, picha nyingi natoa Google. Mteja anakuja saa kumi na moja jioni anataka bango la saa moja usiku, nitamtafuta mchoraji wa nchi gani muda huo? Sikuwahi kufikiria kuna bibi wa mtu pale.

Siku hizi nimehamia akili mnemba, naandika tu naletewa picha. Hiyo si halali jamani? Haina mwenyewe.

Rangi za Kusini

Kaka asante kwa kusema ukweli, wengi wanafanya kimyakimya.

Ila hiyo akili mnemba ndo nilitaka kuifikia. Imejifunza wapi kuchora? Kuna mkusanyiko mmoja mkubwa uliotolewa 2022 unaitwa LAION-5B, orodha ya picha na maelezo yake bilioni 5.85 zilizokusanywa mtandaoni, hakuna aliyegongewa mlango kuulizwa. Wachoraji wa Marekani, Sarah Andersen na wenzake, wamefungua kesi California Januari 2023 dhidi ya kampuni za mitambo hiyo. Na Uingereza Desemba 2024 serikali ikaleta pendekezo kwamba kampuni zichukue kazi za watu kufundishia mitambo, asiyetaka aseme mwenyewe hataki. Wasanii wakawaka, Februari 2025 wanamuziki zaidi ya 1,000 wakatoa albamu ya kimya, studio tupu tu unasikia hewa.

Unaona ule mchezo ni uleule? Kwenye kazi yatima, wewe ndo ujitokeze upatikane. Kwenye akili mnemba, wewe ndo uende ukakatae. Kila sheria mpya ikija inanisogezea mzigo mimi, anayechukua anabaki mikono mifukoni. Mtu kaingia shambani kwako kachuma mabibo na korosho zake, halafu anakwambia ungeweka kibao.

Bibi yangu aende kukataa wapi, na kwa lugha gani?

Stesheneri ya Ligula

Nimejaribu sasa hivi nimeandika bibi wa Kimakonde anabangua korosho. Imeniletea bibi kavaa shanga za Kimasai anavunja kitu kama nazi na mkono una vidole sita. Bibi yako yupo salama kwa muda.

Mwana wa Mchongaji

😂😂 vidole sita, wakati wa dada hana hata ukucha.

Mchapakazi wa Nachingwea

Samahani natoka nje kidogo. Hii tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 iliyoletwa na sheria ya fedha ya 2023 kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi, hela yake mchoraji anaiona? Maana simu tumenunua wote.

Wakili Asiye na Suti

Tozo ipo, na mwaka mmoja kabla, 2022, COSOTA ilibadilishwa kutoka Chama kuwa Ofisi ya Hakimiliki, ukusanyaji wa mirabaha ukafunguliwa kwa makampuni yanayopewa leseni. Nia ni nzuri. Ila maoni yangu binafsi, mgao wa aina hii unamwendea anayehesabika. Nyimbo redioni unaweza kuzihesabu zimepigwa mara ngapi. Mchoro uliokopiwa kutoka simu hadi simu nani anauhesabu? Hapo wachoraji, wachongaji na wapiga picha wasipokuwa na umoja wao wa kudai watakaa foleni nyuma ya wanamuziki mpaka mwisho. Na kusajili kazi kwa hiari kunasaidia, haikupi haki mpya ila inakupa karatasi ya kumwonyesha hakimu.

Tumalize la dada. Usianze na mahakama, anza na fomu. Sheria ya Marekani ya 1998 inasema mtandao au duka linalopokea vitu vya watu halihukumiwi kwa wizi wa mteja wake ilimradi likipewa taarifa linashusha haraka. Kwa hiyo wanaogopa kutojibu. Unahitaji jina na anwani yako, linki ya kazi iliyoibiwa, maelezo au linki ya kazi orijino, tamko kwamba unaamini kwa nia njema matumizi hayo hayana ruhusa, tamko chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba wewe ndo mwenye haki, na sahihi, kuandika jina inatosha. Kama yule mwizi akipinga rasmi, wanaweza kuirudisha baada ya siku 10 mpaka 14 za kazi labda uwe umefungua kesi. Wengi wao hawapingi, maana kupinga kunamtaka aweke jina na anwani yake halisi.

Kabla ya yote piga skrinshoti zenye tarehe. Wakishusha, ushahidi unashuka nao.

Kilwa Lenzi

Na ile karatasi yenyewe usiiuze kwanza. Piga picha karibu kabisa pale penye ukucha, penye tone la rangi, na nyuma ya karatasi. Kama una skechi za penseli za mwanzo usitupe. Mwizi ana picha moja tu ndogo aliyoitoa mtandaoni, hana skechi, hana mgongo wa karatasi. Pia siku nyingine posti saizi ndogo na jina liweke katikati ya mchoro kwa kufifia, lipite juu ya mikono, akilikata akate na bibi.

Rangi za Kusini

Skechi ninazo, tatu, moja ina doa la chai ya bibi mwenyewe. Nikimaliza nitarudi.

Mwana wa Mchongaji

Mrejesho wangu kidogo wakati tunamsubiri dada. Huu uzi umenifanya nipande gari nimeenda Newala wikiendi. Nimempiga picha baba na vinyago vyake kumi na moja vilivyobaki nyumbani, mbele, nyuma, na vitako vyote penye jina. Kimoja jina lilikuwa limeingia kwenye ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, linasomeka kama lililoandikwa kwenye karatasi. Baba ananiangalia tu anauliza mbona unavipiga picha makalioni, mteja ananunua sura. Nikamwelezea. Akanyamaza, halafu akaingia ndani akatoka na msumari.

Rangi za Kusini

Wakuu nimerudi. Fomu nilijaza usiku wa Jumatatu, Kiingereza nikasaidiwa na Wakili inboksi, Mungu akubariki kaka. Alhamisi wakanijibu barua pepe ya mistari miwili, picha imeshushwa, tisheti, vikombe, mito, vyote havipo. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani jirani akauliza nani kaolewa.

Leo asubuhi shemeji katuma linki nyingine. Duka lilelile, jina la muuzaji lingine. Wameigeuza picha, kulia imekuwa kushoto. Bibi yangu sasa ukucha umeota mkono wa kushoto umetoka wa kulia, na lile tone la rangi limehamia upande wa pili wa bakuli.

Nipo nachukua skrinshoti. Wakili ile fomu ya mwanzo unayo bado au niandike upya?